Kisima Hufungwa Mafuta Yangalipo: Jibu kwa Msomaji wa Changamwe

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Changamwe, na baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kusafishia mafuta hapa kwetu hadi kilipofungwa. Mjomba wangu ni fundi wa pampu kwenye visima vya Sudan Kusini. Kila ajapo likizo hutuambia kwamba siku hizi kinachotoka ni maji kuliko mafuta, na kwamba wakubwa wameanza kuzungumzia kufunga baadhi ya visima. Nami nimesoma kwamba visima vingi duniani hufungwa huku zaidi ya nusu ya mafuta yangali chini. Inawezekanaje mtu afunge kisima chenye mafuta? Na bei ikipanda, si atakifungua tena?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Uliyoyasoma ni ya kweli, na alilokueleza mjomba wako ndilo jambo ambalo wahandisi huliandikia ripoti za kurasa mia. Kwa wastani wa dunia, takriban thuluthi moja tu ya mafuta yaliyomo katika mwamba ndiyo hufika juu, na yaliyosalia hukaa huko huko. Eneo la mafuta halifi kwa kuishiwa. Hufa siku ambayo kulitoa pipa moja kunagharimu zaidi ya pesa zinazobaki likishauzwa, na siku hiyo huletwa na maji, matengenezo, bomba na kodi mara nyingi zaidi kuliko inavyoletwa na bei. Hata kiwanda alichofanyia kazi baba yako, kilichoanza mwaka 1963 na kusimama mwaka 2013, hakikufungwa kwa kukosa mafuta ghafi bandarini, bali kilishindwa kushindana na mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwingineko na kuletwa hapa kwa meli. Lakini hiyo ni hesabu ya kiwanda. Tuiache, tuingie kisimani.

Kwanza ondoa akilini ile picha ya ziwa la mafuta lililojificha chini ya ardhi. Mafuta yamo ndani ya mwamba, katika vitundu ambavyo vingi huvioni kwa macho. Ukitaka kulishuhudia jambo hili, chukua kipande cha jiwe la matumbawe, kama lile lililojengewa nyumba za Mji wa Kale na kuta za Fort Jesus, ukidondoshee mafuta ya taa mpaka kishibe, kisha ukitumbukize katika ndoo ya maji. Utaona vitone vikichomoza na kupanda juu, kimoja hapa, kimoja pale, halafu vitakoma, na hata ukilitikisa jiwe havitatoka vingine vya maana. Kesho yake lipasue kwa nyundo ulinuse: mafuta yangali yamo, yamekwama katika vitundu ambamo maji yamepita kando yake bila kuyasukuma. Mwamba wa Ghawar kule Saudi Arabia, eneo kubwa kuliko yote ya mafuta ya kawaida duniani, lililogunduliwa mwaka 1948, nao ni mwamba wa chokaa uliojengeka chini ya bahari ya kina kifupi, ndugu wa mbali wa hili jiwe letu. Kwa hiyo "zaidi ya nusu imebaki" si uzembe wa wachimbaji; sehemu kubwa ya hiyo nusu haikuwa ya kutoka.

Sasa maji. Mtu wa Mombasa hahitaji kwenda chuo kuyaelewa haya, kwa kuwa visima vyetu vya nyumbani hufanya vivyo hivyo. Maji matamu tunayoyateka kisiwani na Kisauni yameelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mwambani. Maadamu mwenye kisima anateka kwa ndoo, maji hubaki matamu miaka na miaka. Akifunga pampu ya umeme na kuvuta usiku kucha ili auzie malori, maji ya chumvi yaliyo chini hunyanyuka kuelekea kwenye mdomo wa bomba, yakachongoka kama kichuguu, na siku moja chai ya asubuhi inakuwa na chumvi. Ukiizima pampu, kile kichuguu hushuka polepole sana, na pengine hakirudi kilipokuwa. Katika mwamba wa mafuta mambo ni yale yale, ila kitamu ni mafuta na chini yake kuna maji ya chumvi ya kale. Zaidi ya hayo, sisi wenyewe huongeza maji makusudi: mgandamizo wa asili unaposhuka, tunachimba visima vya pembeni na kusukumia maji ndani ili yaswage mafuta kuelekea visima vya kutolea. Maji hayo hatimaye hufika kule yalikokuwa yakielekezwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kisima cha mafuta hutia maji hata kisiposifiwa.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kumgeuka mwenye mali. Ngoja tuifanye kwa tarakimu, kwa eneo la kubuni ambalo nimelirahisisha kusudi. Tuseme mwanzoni linatoa mapipa 100,000 kwa siku, na kwamba uzalishaji unashuka kwa asilimia 10 kila mwaka, jinsi unavyoshuka katika maeneo mengi yaliyozeeka. (Kanuni za kukadiria mshuko huu ziliandikwa na mhandisi J. J. Arps mwaka 1945, na hadi leo, pamoja na kompyuta zote tulizo nazo, ndizo tunazoanzia.) Tuseme pia gharama zisizobadilika, yaani mishahara, ulinzi, umeme, kambi na ukarabati wa mitambo, ni dola 200,000 kwa siku, kiwe kimetoka kingi au kidogo. Mwanzoni kila pipa linabeba dola 2 za gharama hizo. Baada ya miaka 10 mapipa ni kama 35,000, na kila moja linabeba karibu dola 6. Baada ya miaka 20 ni mapipa 12,000, dola 16 na ushei. Baada ya miaka 30 yamebaki 4,200, na kila pipa limebebeshwa dola 47. Hakuna aliyeiba wala aliyelala kazini. Ni mzigo ule ule, wapagazi ndio waliopungua.

Ongeza maji. Tuseme uzeeni kila pipa la mafuta linaandamana na mapipa 19 ya maji, yaani maji ni asilimia 95 ya vyote vitokavyo, jambo ambalo katika eneo la zamani halimshangazi mtu. Maji hayo ni lazima yanyanyuliwe, yatenganishwe, yasafishwe na kurudishwa ardhini. Ikiwa kila pipa la maji linagharimu dola 1, pipa la mafuta limekwisha kuchukua dola 19 kabla hujamlipa mlinzi wa langoni. Weka dola 8 za bomba na mrabaha wa serikali wa asilimia 10. Kwa bei ya dola 70, ukiisha kutoa mrabaha, bomba na maji, unabaki na dola 36 za kulipia ule mzigo wa dola 200,000. Gawanya: unahitaji mapipa 5,500 na zaidi kidogo kwa siku, na eneo letu linashuka chini ya kiwango hicho kati ya mwaka wa 27 na wa 28. Huo ndio mwisho wake wa kiuchumi.

Hapa ndipo swali lako la pili linapojibiwa, na jibu lenyewe huwashangaza hata wahasibu. Ipandishe bei ghafla kutoka dola 70 hadi 100. Sasa kila pipa linabakisha dola 63, na mwisho unasogea hadi mapipa 3,200 hivi kwa siku. Umejipatia miaka mitano ya ziada, lakini ni miaka ya mwishoni, ambayo kisima kinadondosha tu. Jumla ya mafuta ya miaka hiyo mitano ni mapipa milioni 8 hivi, katika eneo ambalo tayari limetoa zaidi ya milioni 320. Bei imepanda kwa zaidi ya asilimia 40 na mafuta yameongezeka kwa asilimia mbili na nusu. Kwa maoni yangu bei hupewa lawama na sifa zisizo zake katika mjadala huu. Kazi yake ya kweli si kukirefushia kisima kizee uhai, bali ni kumpa mtu ujasiri wa kuchimba visima vipya katikati ya vile vya zamani, au kuingiza mvuke, gesi na kemikali. Eneo la Kern River huko California liligunduliwa mwaka 1899 na lingekuwa limesahaulika siku nyingi kama lisingeanza kupashwa joto kwa mvuke katika miaka ya 1960, kwa kuwa mafuta yake ni mazito kama asali. Mvuke nao huhitaji kuni zake: unachoma gesi ili upate mafuta, na gesi ikipanda bei, hesabu inaharibika upya.

Kuna mambo mawili ambayo hesabu yangu imeyaficha. La kwanza ni kuzeeka kwa vyuma. Ukitumia maji ya kisima nyumbani, angalia ndani ya birika lako: ule ukoko mweupe usiotoka kwa kusugua ndio huo huo unaojijenga ndani ya mabomba ya visima. Katika Bahari ya Kaskazini, ambako maji ya bahari husukumwa mwambani, salfeti iliyomo ndani yake hukutana na bariamu ya maji ya kale, na kinachoganda ni kigumu kiasi kwamba asidi ya kawaida haikiwezi. Nimewahi kushika kipande cha bomba kilichokatwa ambacho nje kilikuwa na upana wa kiganja na ndani hakikuweza kupitisha kidole gumba. Pampu nazo huliwa na mchanga. Kila kifaa kinapokufa chini huko, swali huwa moja: je, kisima hiki kitatoa mafuta ya kutosha kulipia mtambo wa kukifungua na kubadilisha pampu? Visima vingi vya zamani havifungwi kwa uamuzi wa kikao. Huharibika, na hakuna anayepata hoja ya kuvitengeneza.

La pili ni bomba la kusafirishia, ambalo lilijengwa kwa ajili ya ujana wa eneo na sasa limekuwa vazi kubwa kwenye mwili uliokonda. Bomba la Alaska, lenye urefu wa karibu kilomita 1,300, lilipitisha mapipa takriban milioni 2 kwa siku mwaka 1988, na mafuta yalifika bandari ya Valdez kwa siku nne na nusu hivi. Mwaka 2024 yalipita chini ya robo ya hayo, na safari ilichukua zaidi ya wiki mbili. Njiani yanapoa, nta inaganda kwenye kuta, na maji yanajitenga na kutishia kuwa barafu. Sisi hapa Mombasa tulionjeshwa shida hiyo kwa kiasi kidogo. Mafuta ya Turkana yaliyoletwa kwa malori kuanzia mwaka 2018, kabla ya shehena ya kwanza kupakiwa melini Agosti 2019, yalilazimika kusafirishwa katika matangi yenye joto kwa sababu yana nta nyingi, na yakipoa huganda kama samli ya baridi. Mafuta anayoyashughulikia mjomba wako yana tabia hiyo hiyo, tena husafiri zaidi ya kilomita 1,300 hadi Port Sudan.

Kwa Sudan Kusini bomba lilileta pia mtihani wa aina nyingine. Mkataba wa mwaka 2012 uliiwekea ada ya dola 9.10 au 11 kwa pipa, kutegemea bomba, pamoja na dola 15 nyingine za kuifidia Sudan kwa kupotewa na visima, na ada hizo hazikujali bei ya soko. Mwezi Januari 2016 mafuta yakashuka chini ya dola 30. Fanya hesabu mwenyewe: mwamba haukubadilika hata kidogo, kiwango cha maji hakikubadilika, lakini visima vilivyokuwa na faida mwaka mmoja uliotangulia vikawa vya hasara kwa ajili ya karatasi, mpaka Khartoum ilipokubali kuilegeza ada. Kodi hufanya kazi hiyo hiyo. Eneo la Forties, lililoanza kutoa mafuta Uingereza mwaka 1975, liliuzwa na kampuni ya BP kwa kampuni ya Apache mwaka 2003 likihesabiwa kuwa limechoka. Wanunuzi wakapima mwamba upya, wakachimba visima vipya, na wakapata mafuta mengi kuliko yaliyotarajiwa wakati wa kununua. Kisha mwaka 2024 Apache hiyo hiyo ilitangaza kwamba itasitisha uzalishaji wake wote wa Bahari ya Kaskazini kabla ya mwaka 2030, ikitaja kodi na masharti mapya ya mazingira.

Mtindo huo wa kampuni kubwa kuuzia kampuni ndogo eneo lililozeeka ni wa kawaida, na si hila. Prudhoe Bay ya Alaska ilianza mwaka 1977, ikakaa kileleni kwa takriban mapipa milioni 1.5 kwa siku kwa karibu miaka kumi, na ingawa makadirio ya mwanzo yalikuwa mapipa bilioni 9.6, imekwisha kupita bilioni 12. Hata hivyo mwaka 2019 BP ilikubali kuuza mali zake zote za Alaska kwa kampuni ya Hilcorp kwa dola bilioni 5.6. Kampuni ndogo haina ofisi za ghorofa ishirini za kulipia, na kwa hiyo ule mzigo wangu wa dola 200,000 kwa siku kwake unaweza kuwa 120,000. Huko ndiko uhai wa ziada hupatikana, na ndiyo sababu nasema kupunguza mzigo huokoa kisima kuliko kungojea bei.

Si kila eneo linalopewa muda wa kuzeeka hivyo. Cantarell ya Meksiko, iliyopewa jina la mvuvi Rudesindo Cantarell aliyeona mafuta yakielea baharini na kwenda kutoa habari, ilianza kusukumiwa gesi ya naitrojeni mwaka 2000 ili itoe kwa kasi, ikafika mapipa milioni 2.1 kwa siku mwaka 2004, na miaka mitano baadaye ilikuwa chini ya nusu ya hapo. Nchi iliyokuwa imezoea kupangia bajeti kwa mapato hayo haikupata nafasi ya kujipanga.

Kuhusu kukifungua tena kisima kilichofungwa, inategemea kimefungwaje. Kufunga koki ni kitu kimoja. Hata hapo, kisima kikilala muda mrefu, maji husogea na kukaa karibu na mdomo wake, nta hukaza na kutu huendelea kula, na vingine havirudi kamwe. Kuziba kwa saruji ni kitu kingine: mabomba ya ndani hutolewa, plagi za saruji humwagwa kwenye vina mbalimbali, chuma hukatwa chini ya uso wa ardhi, na kukirudia ni sawa na kuchimba kipya. Baharini kazi hiyo ni kubwa mno. Jina la Brent unalolisikia kila bei ya petroli inapotangazwa ni la eneo lililogunduliwa mwaka 1971, likaitwa kwa jina la ndege, aina ya bata bukini, na leo halitoi hata pipa moja. Jukwaa lake la mwisho lilisimamisha uzalishaji mwaka 2021. Sehemu ya juu ya jukwaa la Brent Delta pekee ilikuwa na uzito wa tani 24,000 ilipong'olewa kwa mpigo mmoja na meli ya Pioneering Spirit mwaka 2017.

Kwa kuwa kufunga nako kuna bei yake, wenye visima wengi huahirisha, wakivuta mafuta kwa hasara ndogo ili waepuke hasara kubwa. Tarehe 20 Aprili 2020, mikataba ya mafuta ya Marekani ilipouzwa kwa dola 37 chini ya sifuri kwa pipa, yaani muuzaji ndiye aliyemlipa mnunuzi, visima vingi viliendelea kutoa. Mwishowe wengine hufilisika na kuvitelekeza, na gharama inamrudia mlipa kodi: sheria ya miundombinu ya Marekani ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 4.7 kwa ajili ya kuziba visima visivyo na mwenyewe. Nikiishika mikataba ya Lokichar, yaani ya yale mafuta ya Turkana, mimi nitakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa unaosema nani ataweka akiba ya kufungia, na kuanzia pipa la ngapi.

Sasa ya mjomba. Maneno ya wakubwa wake ya kufunga "baadhi" ya visima hayana lazima ya kuwa msiba. Mitambo ya kutenganisha mafuta na maji ina kikomo chake, na kisima kinachotoa maji asilimia 99 humziba pumzi jirani yake anayetoa asilimia 85. Ukifunga kile kibovu, nafasi hupatikana na jumla ya mafuta inaweza hata kupanda, kama vile mwembe unavyozaa ukipogolewa. Akija likizo nyingine mwulize mambo matatu. Je, visima vinavyofungwa ndivyo vyenye maji mengi zaidi, au vinafungwa vile ambavyo pampu imekufa tu? Je, maji yanarudishwa ardhini, au siku hizi yanamwagwa kwenye mabwawa ya wazi? Na la tatu, ambalo fundi hulijua kabla ya meneja kulitangaza: wanafunga koki na kuacha kichwa cha kisima kimesimama, au wameanza kuagiza malori ya saruji?